Mkono wa Nyuma ya Shingo

Hapana Side, hilo sikubali. Juzi umesimama katikati ya uwanja wetu wa vinyago, patasi mkononi, umesema kinyago cha mwisho cha Mzee Nakunda ni kuni zilizokosa jiko, eti kwa sababu mtu akiuliza maana yake hamna wa kumjibu. Watu wakacheka. Mie nilikuwa nimekaa kwenye gogo pale mlangoni nakohoa, ikabidi ninyamaze, maana kifua kilikuwa hakinipi nafasi ya kukutukana vizuri. Leo niko nyumbani Mwananyamala, kifua kimetulia, simu ina chaji. Nakujibu. Na nyie wengine mnaopiga msasa hapo Chang'ombe someni, hamjui lini yatawakuta.

Nimestaafu. Najua mnanicheka, mstaafu wa miaka thelathini na sita, hata mvi sina. Daktari kasema unga wa mpingo umenikaa kwenye mapafu, nikirudi vumbini nisije kumlaumu mtu. Basi miaka kumi na saba imeishia hapo, bila keki wala hotuba. Vyeo sikuwahi kupata, pale kwetu cheo ni kukaa upande wenye kivuli. Nitawaambia ya kazi tu.

Nilifika pale nina miaka kumi na tisa na hasira za watu watatu. Nilikuwa nimetoka kufukuzwa gereji moja kule Temeke kwa kumpiga fundi aliyemtukana rafiki yangu. Rafiki mwenyewe alibaki kazini, mie nikatoka. Ndo nilivyo, sijutii. Nikamkuta Mzee Nakunda amekaa chini, gogo kalibana kwa nyayo zake mbili kama wanavyofanya wazee wa kwao Masasi, tezo ya kuchongea inashuka sentimita mbili kutoka kidole gumba. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, na tezo haikusimama. Nikasema natafuta kazi. Akanyoosha mkono nyuma yake, akanitupia kichwa cha mpingo, kidogo kama embe dodo, na kipande cha msasa.

"Piga."

Nikapiga siku tatu. Vidole vilichubuka nikavifunga tambara, nikaendelea. Siku ya tatu kichwa kinang'aa kama kimepakwa mafuta, nikampelekea nikitegemea sifa. Akakigeuza akaniuliza pua iko wapi. Nikasema Mzee, hiki hukunipa na pua. Ndo akacheka, mara ya kwanza namwona meno.

"Kilikuwa nayo. Na macho. Wenzako waliokutangulia wamekila, na wewe umelamba sahani."

Kile ndo kichwa cha kujifunzia, kila mgeni anapewa. Hata wewe Side ulipewa, ukalalamika kwamba hakina sura. Nilikuambia nini? Nilikuambia patasi kila mtu anaiogopa kwa sababu inakata, msasa hauogopwi na mtu, na ndo unaoua vinyago vingi zaidi. Hayo hayakuwa maneno yangu, yalikuwa ya Mzee.

Mie sikuwa na mkono wa kuchonga, tuseme ukweli. Nilijaribu swala, akatoka mbuzi. Nikabaki kwenye kumalizia, na huko sikuwa na mpinzani. Msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini uliokwisha makali, kisha rangi ya viatu nyeusi, kisha brashi mpaka mkono ufe ganzi. Mzee alinifundisha utepe. Unakata msasa mwembamba kama kamba ya kiatu, unaupitisha kwenye kila uwazi, kwapani, katikati ya vidole, chini ya kidevu, unauvuta huku na huku kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo. Na sheria yake ilikuwa moja: kabla hujagusa kinyago cha mtu, pitisha utepe mkavu kwanza kila mahali, ujue wapi aliyechonga kaacha njia. Hiyo sheria ikumbukeni, maana ndo ishu nzima.

Kitu kingine nilichosifika nacho ni nyufa. Mpingo ukikauka vibaya unapasuka. Unachukua unga wake wenyewe, unaujaza kwenye ufa, unadondoshea supa gluu, unangoja ukauke kama jiwe, unapiga msasa, unapaka rangi. Hata aliyechonga anaweza asijue palipasuka. Wakawa wananiita Dokta. Sasa dokta mwenyewe ndo huyu, anavuta hewa kwa awamu.

Turudi kwenye maana unayoililia. Pale uwanjani tulikuwaga na dalali mmoja, Mudi, aliyekuwa akileta wageni. Mudi alikuwa na vikadi. Kila kinyago anakifunga kadi na jina: Upendo, Familia, Mama wa Afrika. Simba naye akafungiwa kadi imeandikwa Simba, usije ukamdhania kuku. Siku moja akafunga kadi kwenye kazi ya Mzee, mtu mzima aliyebeba mlango mgongoni, ameinama, mkono mmoja umegeuka nyuma unagonga mlango huohuo alioubeba. Kadi ikaandikwa Mkimbizi. Mie nikaichana. Mudi akasema bila jina haiuziki. Nikamwambia kazi ya Mzee wangu haivalishwi jina kama mbuzi wa mnada. Akanisukuma, na hapo habari ikawa nyingine, mpaka Mzee aliponishika kola.

"Hukuwa na haja," aliniambia tukiwa tumekaa. "Mvua ingeitoa."

Jioni ile kuna mgeni alimuuliza Mzee mwenyewe maana ya yule mtu. Akamjibu kwamba alipoanza alidhani anajua, na alipomaliza, yule mtu alikuwa kashabeba mlango wake kaenda zake. Mgeni akacheka akidhani ni utani. Mie nilikasirika kidogo, nilidhani Mzee anatubania. Kesho yake mchana akanielekeza nikalie ugali wangu upande wa kushoto wa kile kinyago. Siku iliyofuata, nyuma. Iliyofuata, chini kabisa, mgongo ukutani. Siku ya nne tonge liko mkononi ndo nikaona kwamba yule mtu sikio lake limegusa ubao wa mlango. Anagonga, halafu anasikiliza. Sasa yuko nje au ndani? Mpaka leo sijui, na sijawahi kukosa usingizi kwa kutojua. Kilichonikosesha usingizi ni kile nilichodhani nakijua.

Sasa hicho cha mwisho.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja, dada Fausta, anayepika chakula karibu na stendi ya Mbezi Luis. Mama yake Fausta alifia Masasi. Mzee alipigiwa simu kwamba mkewe kazidiwa, na yeye akabaki Dar. Kwa nini alibaki, hajawahi kusema, na mie niliyekuwa nakaa naye kutwa sijui. Siku mbili zile alichonga, hakula. Alipofika Masasi alikuta kaburi limeshafukiwa. Fausta aliyekuwepo pale hakumtukana. Alimpa shikamoo, akampa maji, na baada ya hapo hakumpa neno lingine miaka miwili. Akimletea dawa pale uwanjani anamkabidhi mtu mwingine ampe. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mie.

Mzee akatoa gogo alilolificha muda mrefu, mpingo mzee, moyo wake mweusi tii, ganda lake jeupe bado lina magamba. Akachonga miezi minane. Mwanamke amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ndoo kabisa, na mshikio wake. Mikono miwili iko magotini. Mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayetaka kuita jina na bado hajachagua la nani. Na nyuma ya shingo, kutoka kwenye ganda jeupe ambalo Mzee hakulichonga kabisa, unatokea mkono. Hauna bega wala mtu. Kiganja cheusi tu, vidole vyembamba kama njiti za kiberiti, umeelekea shingoni kwake, na wenyewe umeachwa na alama za tezo, haukulainishwa.

Nilikaa nao pande zote, nilikuwa nimeshafundishwa. Ukiwa kulia unaona unambembeleza. Ukiwa kushoto unaona unataka kumsukuma. Ukikaa chini unaona kama ndo kwanza umemwachia.

Halafu miguu ya Mzee ikavimba, akalazwa hospitali ya Mwananyamala. Nilikuwa naenda kila alasiri baada ya kazi, nampelekea uji. Walimhudumia vizuri, sina neno. Mie ndo niliyeharibu, na niliharibu kwa mapenzi. Nilitaka akitoka akikute kimekamilika. Nilitaka Fausta akikiona aone kwamba baba yake hakuwa jiwe.

Nikakiweka mapajani. Nikaona katikati ya kiganja na shingo kuna mstari, mwembamba kama unene wa karatasi. Nikasema ufa huu, mti umekauka vibaya, mkono utavunjika. Nikachukua unga, nikajaza. Nikadondoshea supa gluu. Nikangoja. Nikapiga msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, nikazifuta alama zote za tezo kwenye kiganja, vidole vikalala shingoni laini kama vya mama anayempaka mtoto mafuta. Rangi. Brashi. Kiling'aa, nisiseme uongo, ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote.

Utepe sikuupitisha. Miaka yote napitisha, hata kwenye vijiko. Siku ile sikupitisha kwa sababu nilikuwa nimeshajua mkono ule ni wa nini. Mtu akishajua hapitishi utepe.

Mzee alirudi na fimbo. Nikakifunua mbele yake. Akaninyooshea mkono, nikampa utepe, ulikuwa kwenye mfuko wa aproni kama kawaida. Akajaribu kuupitisha chini ya kiganja. Haukupita. Akajaribu upande wa pili. Haukupita.

"Hapa palikuwa na njia."

"Palikuwa na ufa Mzee, nimeuziba."

Akakishika kinyago muda mrefu, dole gumba linapita pale pale, linarudi.

"Umekijibu," akasema. "Nani alikuuliza?"

Bora angenipiga. Watu wamenitukana kwa lugha zote za mji huu na nimewarudishia, hilo sikuweza kulirudisha. Niliomba msamaha akanikatiza. Akachukua kisu chake kidogo akajaribu kufungua, kisu kikacheza, akakiweka chini. Akasema mikono yake imeisha, nitafungua mie. Nikasema sawa Mzee. Akasema taratibu, hata mwaka, mti hauna haraka. Nikasema sawa. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Kwenye msiba ndo Fausta alikiona. Nilikuwa nimekiweka kwenye meza ya chumba alichokuwa amepanga Mzee, nimekifunika, nilipanga nikichukue nikaanze kazi niliyoagizwa. Akakifunua kabla yangu. Akakizunguka. Akaweka kidole pale, kwenye ile gundi, akakaa chini sakafuni akalia, yeye ambaye makaburini hakutoa hata chozi.

"Kumbe alimshika mama," akasema. "Kumbe baba alikuwa naye."

Wanawake wakamkumbatia. Akaniuliza mie, Shomari, ndo hivyo, si ndo hivyo? Nikamwambia ndo hivyo, dada.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Akakichukua akaenda nacho Mbezi Luis. Kila nikipita kumsalimu nilikuwa nakikuta mezani, juu ya kitambaa cheupe alichodarizi mama yake, na pale shingoni rangi imefutika kwa kuguswa. Aliniambia kila asubuhi kabla hajawasha jiko anaweka kidole pale, anamsalimia baba yake. Alianza kumtaja, kumsimulia, hata kumtania. Nami kila nikirudi nasema mwezi ujao. Nilimuahidi maiti kitu kimoja, na nilimwambia mtu hai kingine, na nyie mnaniona mkali, mnadhani nina uchungu wa bure.

Kifua kikaharibika. Dawa wanazonipa zinanitetemesha mikono, kikombe cha chai nashika kwa miwili. Siku nilipokabidhi aproni, nilirudi nyumbani nikaona wazi kwamba nikisubiri tena, hata wa kusema ukweli hatakuwepo. Alhamisi nikaenda kwa dada Fausta.

Nilimkuta anasonga ugali. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniita mdogo wangu, akaniuliza kifua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Ufa, unga, gundi, utepe, neno la baba yake, na ule uongo wangu wa msibani. Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hakumshika."

"Hakumgusa, dada. Kama alitaka kumshika, sijui. Labda mkono ulikuwa unafika. Labda ulikuwa unatoka. Aliacha njia."

"Miaka sita nasalimiana na supa gluu."

Kuna wateja wawili walikuwa wanangoja wali, akawahudumia, akawaongezea na ndimu waliyoomba. Akanawa mikono. Akaingia ndani akatoka na kinyago, akakiweka kwenye benchi mbele yangu, mgongo umenielekea mie.

"Fungua."

Nikatoa kipande cha msumeno wa chuma nilichokuja nacho. Nikakilenga. Kikohozi kikaja, hakipigi hodi siku hizi, chuma kikaruka kikachora kidole cha kati cha ule mkono, mstari mweupe mpaka kwenye kucha. Akanikamata kiganja. Si kwa hasira. Alinishika kama anavyomshika mtu aliyelewa.

"Acha. Utamaliza hata kilichobaki. Mlete mwenye mkono uliotulia." Akakivuta kinyago kwake. "Na mie nitakaa hapahapa. Nataka niuone huo uwazi kwa macho yangu. Halafu ndo nitajua kama bado nina hasira na baba."

Nilitaka kumwambia inawezekana akaangalia na bado asijue. Nikarudisha chuma mfukoni. Nimeshajibu vya kutosha katika maisha yangu.

Haya Side. Pale uwanjani wachongaji wako kumi na wanne, na mwenye mkono usiocheza ni wewe, nachukia kukusifia. Wengine wote wanampenda mno Mzee. Kila mmoja ana maana yake mfukoni, yule anasema ni mkono wa Mungu, yule anasema ni wa mauti, wakipewa kufungua watafungua kwa kuelekea wanakotaka wao. Wewe umesema mbele ya watu kwamba huoni kitu pale. Basi wewe ndo hutakijibu.

Msumeno usilete. Leta ile dawa wanayotolea rangi ya kucha, inailainisha gundi, tone moja moja kwa kijiti, ungoje, tone lingine. Ikishalainika tumia uzi wa kushonea viatu, vuta bila kukandamiza, vidole ni vyembamba. Ukifika katikati utasikia uzi umekuwa mwepesi, hapo ndo alipoacha njia yeye. Alama za tezo nilizozifuta hazirudi, usijaribu kuzichonga upya, hizo ni zangu nitakufa nazo. Kile kidole nilichokichora kiache. Ukimaliza mpe dada Fausta utepe, apitishe mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa nje ya stendi ya Mbezi Luis, upande wa mama lishe, kwa yule mwenye meza yenye kitambaa cheupe. Yeye atakuwa amekaa, anatazama mikono yako. Sasa wewe unayesema ni kuni, unakuja, au na wewe unaogopa kuona?